Mapigo Manne kwa Dakika

Ilikuwa imepita miaka miwili na mwezi mmoja tangu Gwakisa Mwambeta aombolezwe bila mwili, ndipo Atuganile Kasyupa alipogundua kwamba marehemu hakufa siku ile waliyoambiwa watu.

Aligundua asubuhi, saa nne kasoro, chai yake ikiwa bado inafuka mezani. Hakuwa akitafuta chochote. Kituo cha umeme wa joto-ardhi cha Lusyoto kilikuwa kinahamishia kumbukumbu zake kwenye mashine mpya, na yeye, mtunza hifadhidata, alipewa kazi ya kukagua majedwali ya zamani mstari kwa mstari, asije mtu akapotea njiani. Jedwali la Handaki la Nne lilikuwa fupi. Mistari kumi na minne, watu kumi na wanne waliokuwa chini siku mvuke ulipopasua mwamba. Watano walitoka hai. Tisa hawakutoka.

Kila mstari ulikuwa na jina, namba ya gamba alilovaa mtu huyo, saa ya kushuka, na mwishoni safu moja pana iliyoitwa "hali". Safu hiyo haikubeba tarakimu moja kama zile nyingine. Ilibeba kifurushi kizima, cha mtindo ule wa JSON ambao mafundi wameuacha mara kumi na kuurudia mara kumi na moja: mabano ndani ya mabano, jina na thamani yake, na thamani yenyewe ukiifungua unakuta majina mengine ndani. Mwamba haupitishi maneno kwa haraka. Gamba lililoko mita elfu mbili chini ya mlima linanong'ona kipande kwa kipande, vipande vinafika bila mpangilio, vingine baada ya siku nzima, na njia nyepesi ya kuvihifadhi ni kuvikunja vyote pamoja kwenye safu moja na kumwachia mtunza hifadhidata kazi ya kufunua.

Mashine mpya ilikuwa na tabia ya kuonyesha uzito wa kila kifurushi. Cha mstari wa saba kilikuwa kizito kuliko vyote.

Atuganile alitazama jina. Gwakisa Mwambeta. Alimfahamu. Mke wake, Tusajigwe, alikuwa akiimba naye kwaya. Mtu aliyekufa papo hapo, aliwaza, hana mengi ya kutuma.

Akafunua. Ndani ya "hali" kulikuwa na "vipimo". Ndani ya "vipimo" kulikuwa na orodha, na kila kitu kwenye orodha kilikuwa na saa na mapigo ya moyo. Nne. Nne. Nne. Tatu. Nne. Aliteremka, akateremka, kidole kikianza kumuuma, na tarakimu zikaendelea kumpita.

Mapigo manne kwa dakika si kifo. Kila aliyefanya kazi Lusyoto alilijua hilo. Gamba ni vazi la mchimbaji kuanzia kisigino hadi utosi, na likihisi mvuke au uzito wa mwamba linamchoma sindano shingoni, linapoza damu yake na kumlaza usingizi mzito, hata hewa ya saa tatu inamtosha wiki nzima. Kila baada ya saa kumi na mbili linamwamsha dakika mbili, ili ubongo usife, kisha linamlaza tena. Kwa ajili ya gamba wazazi wa Lusyoto waliruhusu watoto wao washuke chini.

Kipimo cha mwisho kilikuwa sifuri. Pembeni yake kuliandikwa: Jumatano, tarehe tisa Agosti, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Ajali ilitokea Alhamisi, tarehe tatu.

Atuganile alisogeza chai pembeni. Akalitafuta swali lake la siku ile, yale maagizo aliyoiandikia hifadhidata ili imsomee mapigo.

Lilikuwepo. Hifadhidata haitupi kitu. Swali la mistari sita, na jina lake juu: A. Kasyupa. Lilisema: nenda kwenye "hali", chukua "mapigo". Basi. Katika magamba ya zamani mapigo yalikaa palepale, hatua moja tu ndani. Lakini wiki tatu kabla ya ajali magamba tisa, ya kikosi kilichofanya kazi ndani kabisa, yalikuwa yamebadilishiwa programu, na mapigo yakahamishwa ndani zaidi, chini ya "vipimo", ndani ya orodha. Taarifa ilitolewa. Ilikuwa waraka wa kurasa kumi na moja, na Atuganile aliweka sahihi kwamba ameusoma. Alisoma kurasa mbili.

Ukiiuliza hifadhidata njia isiyokuwepo ndani ya kifurushi, haipigi kelele. Haikwambii umekosea. Inakupa tupu, yaani sijui, sina, sijaona. Na tupu peke yake ingemshtua mtu yeyote. Ila swali lake lilikuwa na kipande kimoja zaidi, alichokiongeza miezi mingi nyuma kwa sababu wakubwa walilalamika kwamba skrini ya ukumbini ina nafasi wazi zinazoleta picha mbaya kwa wageni: kama jibu ni tupu, andika sifuri.

Akakumbuka yote. Saa kumi na moja jioni ile, waokoaji walikuwa wameshawatoa wale watano waliokuwa karibu na mlango. Mvuke ulikuwa umepata ufa na unatafuta njia kuelekea chemchemi za kijijini. Mhandisi Kihwele, mkuu wa kituo, alisimama nyuma ya kiti chake, fulana imemganda mgongoni kwa jasho.

"Wapo wengine wenye mapigo?"

"Hapana, Mhandisi. Tisa wote ni sifuri."

"Angalia tena, mwanangu."

Aliangalia tena. Alibonyeza swali lilelile, likampa jibu lilelile. Saa kumi na mbili zege likaanza kumiminwa kwenye mdomo wa handaki ili kuuzuia mvuke.

Na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kwa Tusajigwe, kwa kuwa walifahamiana. Alimshika mabega mlangoni akamwambia, "Mama Lugano, hakuumia. Ilikuwa mara moja tu."

Pembeni ya "vipimo" kulikuwa na orodha nyingine, jina lake "kuamshwa". Ilikuwa na vitu kumi na kimoja, na kila kimoja kilikuwa na sauti ndani.

Atuganile alivaa hedifoni.

"Kituo, hapa Mwambeta," ilisema ya kwanza, sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini. "Niko hai. Mguu wa kulia umebanwa. Gamba linafanya kazi. Narudia, niko hai."

Ya pili ilikuwa karibu sawa na ya kwanza. Katika ya nne alisema, "Najua njia ni mbaya. Msiharakishe mkaumiza watu. Mimi naweza kusubiri." Katika ya sita aliacha kuzungumza na kituo. Alianza Kinyakyusa, taratibu, akitaja jina la mkewe, na Atuganile akavua hedifoni haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta watu wamo. Aliziruka mpaka ya kumi na moja. Hiyo haikuwa na maneno. Ilikuwa ni pumzi tu, dakika mbili.

*

Ofisi ya Mhandisi Kihwele ilikuwa na dirisha linalotazama mlima. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, mrefu, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, mwenye desturi ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Atuganile alimweleza akiwa amesimama. Akamwekea sauti ya kwanza. Alipotaka kuweka ya pili, mzee aliinua kiganja.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi peke yangu."

"Na wale wanane?"

"Sijawafungua. Nimeishia kwa huyu."

Mhandisi Kihwele alivua miwani akaiweka mezani, akaivaa tena bila kuifuta. "Mimi ndiye niliyekwambia usiniachie mashimo kwenye skrini," alisema. "Unakumbuka? Kulikuwa na ugeni wa wizara."

"Nakumbuka. Lakini aliyeandika ni mimi."

"Leo hii urekebishe hilo swali. Hapa na kwenye vituo vyote vitatu. Nitasaini sasa hivi, nitasema tumekuta kasoro. Mtu mwingine asife kwa ajili yake. Hilo halina mjadala."

"Ndiyo, Mhandisi."

"Lakini hili jingine... Atu, hata tungejua siku ile, mvuke ulikuwa unakwenda kwenye nyumba mia tatu. Pengine ningeziba hata hivyo."

"Pengine. Lakini ungeziba ukijua."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. "Ningeziba nikijua. Na pengine nisingeziba. Pengine ningepeleka watu wanane wakafie kule, tukawa na maiti kumi na saba. Sijui. Sitajua tena." Alimtazama. "Yule mama anafuma masweta, watoto wanasoma, jeraha limeshika gaga. Wewe unataka kwenda kumwambia nini? Ukimwambia, utakuwa umemzika mumewe mara ya pili, na safari hii akiwa hai."

Atuganile aligeuka kwenda mlangoni.

"Sikukatazi," alisema Mhandisi Kihwele. "Ningekuwa na haki ya kukukataza ningekukataza. Nakuomba tu. Niachie mimi nibebe. Nimebakiza miaka michache ya kuishi, nitaenda nayo kaburini."

*

Alilirekebisha swali siku hiyohiyo. Lilikuwa refu sasa. Liliuliza kwanza kama mapigo yako juu. Kama hayapo, lishuke kwenye "vipimo", lifungue orodha na kuitandaza, kila kipimo kisimame kwenye mstari wake, kisha lichukue cha mwisho kwa saa. Na kama njia zote mbili hazipo, liandike kwa herufi kubwa nyekundu: HAIJULIKANI. Alilijaribu kwenye magamba ya kawaida ya watu waliokuwa kazini, akaona mioyo yao inapiga sabini, themanini, tisini, watu wanaopanda ngazi, watu wanaocheka. Akalituma kwenye vituo vyote. Watu wa Handaki la Pili wakampongeza kwa barua.

Wale wanane hakuwafungua.

Siku ya nne Tusajigwe alikuja mwenyewe kituoni. Uongozi ulikuwa umewaahidi wafiwa kitabu cha kumbukumbu, picha na historia ya kila mmoja, na yeye alileta picha ya harusi, imefungwa kwenye khanga.

"Ugonile, dada Atu," alisalimu, akakaa. Alikuwa amenenepa kidogo. Kucha zake zilikuwa na nyuzi za sufu. "Wamesema niandike maneno machache chini ya picha. Nikawaza niandike yale uliyoniambia wewe."

"Yapi?"

"Kwamba hakuumia." Alitabasamu kidogo, akitazama picha. "Mwaka wa kwanza nilikuwa silali. Nikifumba macho namwona yuko gizani ananiita. Basi najiambia, Tusa, dada Atu ni mtu wa mitambo, aliona kwa macho yake, hakupata hata muda wa kuita. Ndiyo nikawa nalala."

Huu ndio ulikuwa wakati wake. Atuganile aliufahamu kabisa kuwa ndio wenyewe. Alifungua mdomo, akamsikia mtu akisema, "Picha ni nzuri sana, mama Lugano. Nitaifikisha," na mtu huyo alikuwa yeye.

Tusajigwe alipoondoka, Atuganile aliingia chooni akafungulia bomba maji yatiririke ili asisikike.

Alikaa na jambo hilo siku mbili zaidi. Alijaribu kulitazama kama Mhandisi Kihwele alivyolitazama, na akaona kwamba mzee hakuwa mwongo wala mwoga. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ukweli usingemrudisha Gwakisa. Ungemwondolea mkewe usingizi. Kasoro imeshazibwa. Kwa hesabu yoyote ile, kunyamaza kulikuwa na faida zaidi. Lakini kila alipofika mwisho wa hesabu hiyo alikutana na sauti ya sita, mwanaume akimtaja mkewe kwa jina, naye akiwa ameishika sauti hiyo mkononi kama barua ya mtu mwingine. Haikuandikwa kwake. Wala haikuandikwa kwa Mhandisi.

*

Jumamosi asubuhi alishuka Lusyoto ya chini. Nyumba ya Tusajigwe ilikuwa ya matofali, na sebule yote ilichukuliwa na mashine ya kufumia masweta ya shule. Watoto walikuwa shambani kwa bibi yao. Baridi ilikuwa kali, na Tusajigwe alikuwa amejifunga kitenge mabegani, anasukuma mkono wa mashine kwenda na kurudi.

"Karibu, dada. Kaa hapo, ondoa hizo nyuzi. Ni kuhusu kitabu?"

"Si kitabu." Atuganile hakukaa. "Mama Lugano, nimekuja kukwambia kitu, na nikishakisema hutanipenda tena. Naomba uache mashine kwanza."

Tusajigwe aliacha.

Atuganile alimwambia. Alijitahidi kusema kwa maneno mafupi, bila kujitetea na bila mambo ya mabano na njia. Kwamba gamba lilifanya kazi. Kwamba alilala na kuamka, akalala na kuamka. Kwamba moyo ulikuwa unapiga, na taarifa zilikuwa zinafika kituoni, na swali la kuzisoma taarifa hizo aliliandika yeye, na lilikuwa linatazama mahali pasipo. Kwamba walipomimina zege, alikuwa hai.

"Mpaka lini?" aliuliza Tusajigwe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Jumatano. Tarehe tisa, asubuhi."

Tusajigwe alianza kuhesabu kwa vidole, kama anavyohesabu mishono. "Alhamisi. Ijumaa watu walikuja na kuni. Jumamosi walichinja ng'ombe. Jumapili..." Kidole kilisimama. "Jumapili tulikuwa kanisani. Tuliimba. Wewe ulikuwa umesimama kushoto kwangu."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai tukimwimbia."

"Ndiyo, mama Lugano."

"Na Jumatatu walipogawa nguo zake. Kaka yake alivaa koti lake hapohapo uani, tukacheka kwa sababu mikono ilikuwa mifupi."

Atuganile alilia. Tusajigwe hakulia. Alimtazama mwenzake kwa mshangao, kama anayejiuliza huyu analilia nini nyumbani kwake.

"Aliita?"

"Aliongea na kituo. Baadaye aliongea na wewe. Hizo za kwako sikuzisikiliza. Nilisikia mwanzo tu nikaacha." Alitoa kifaa kidogo mfukoni, na hedifoni zake. "Zipo zote kumi na moja humu. Ukitaka nirudi nazo nitarudi nazo. Ukitaka niziharibu sitaziharibu, lakini sitakulazimisha usikie."

Tusajigwe alizichukua. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Atuganile alitoka akakaa kwenye ngazi ya nje. Dakika ishirini na mbili, aliwaza; kumi na moja mara mbili. Zikapita. Zikapita nyingine kama hizo. Jirani alipita na ndoo akasalimia, akajibu. Jua lilifika kwenye miguu yake likaipita. Ndani hakukusikika chochote, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Tusajigwe alipotoka, uso wake ulikuwa umevimba na kitenge kilikuwa kimelowa mbele. Alisimama mlangoni.

"Ameniambia habari ya banda la kuku," alisema. "Kwamba bawaba ya mlango imelegea, nisisahau kufunga kwa waya, kicheche ataingia. Siku ya nne chini ya mlima. Mguu umebanwa. Ananiambia habari ya bawaba." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Kicheche aliingia kweli. Wiki ileile ya msiba. Alimaliza wote."

"Mama Lugano..."

"Usiseme samahani. Ukisema samahani itabidi nikujibu." Alivuta pumzi. "Na wale wengine wanane?"

"Bado sijawafungua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Nenda ukafungue. Halafu uende kwenye kila nyumba kwa miguu yako, useme kama ulivyosema hapa. Mhandisi wako asitume karani." Alimrudishia hedifoni, kile kifaa alibaki nacho. "Na hapa usije tena. Si kwamba nakuchukia. Labda nakuchukia, sijui bado. Lakini ulikuwa ndiye mtu niliyemwamini kuhusu siku ile, na sasa sina mtu."

*

Aliwafungua Jumatatu, wote wanane, kwa swali jipya. Sita kati yao walikuwa na orodha, na ndani ya orodha kipimo kimoja tu, sifuri, saa nane na dakika tatu mchana. Hao walikufa kweli papo hapo. Mmoja aliishi kwa muda wa saa nne baada ya ajali. Mwingine aliishi mpaka Ijumaa alfajiri, akaamshwa mara moja, na alichosema hakikueleweka.

Alikwenda nyumba nane kwa siku tano. Katika nyumba sita alipeleka habari kwamba hakuna kilichobadilika, na hata hizo hazikuwa rahisi, kwa maana ilimbidi kwanza aeleze kwa nini kingeweza kubadilika. Mama mmoja alimshukuru kwa kumpigia magoti, jambo lililomwumiza kuliko matusi. Mdogo wa yule aliyeishi saa nne alimpiga kofi, kisha akaenda kumletea kiti. Na baba wa yule wa Ijumaa, Mzee Ambakisye, alimzuia kabla hajamaliza salamu.

"Nimesikia unapita kwenye nyumba za watu," alisema mzee. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuinua macho. "Binti yangu, mimi nimeshamaliza. Nililia, nikanyoa nywele, nikamaliza. Ulichokuja nacho, rudi nacho."

"Ni haki yako, baba. Kipo na kitakuwepo."

"Basi kikae huko kilipo."

Atuganile alirudi nacho. Hakujua kama amefanya sawa. Ilimpitia kwamba labda hilo ndilo Mhandisi Kihwele alitaka kumfanyia Tusajigwe. Lakini huyu mzee alichagua mwenyewe, ila Tusajigwe, wengine wangemchagulia. Njia nzima ya kupanda mlima aliishikilia tofauti hiyo kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushikilia.

Uchunguzi ulifanyika Novemba, katika ukumbi wa halmashauri, wafiwa wakiwa wamekaa mbele. Mhandisi Kihwele alisimama akaeleza habari ya skrini na mashimo bila kuulizwa, na alipoambiwa anaweza kukaa alibaki amesimama. Kisha akaitwa Atuganile. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikuwa na karatasi ya lile swali la mistari sita mkononi.

"Siku ile, bibi Kasyupa, ulijua kwamba jibu hili si kweli?"

"Hapana."

"Ungeweza kujua?"

Wakili wa kituo alimgusa kiwiko. Atuganile alisogeza kiwiko.

"Ndiyo," alisema. "Niliambiwa niangalie tena, nikauliza kitu kilekile kwa njia ileile. Ningefungua kifurushi kimoja tu kwa mkono, cha mtu yeyote kati ya wale tisa, ningeona kwamba njia imebadilika. Ingenichukua dakika moja. Sikufungua."

Tusajigwe alikuwa kiti cha pili kutoka dirishani, anatazama mikono yake.

Atuganile aliondolewa kazini mwezi uliofuata, na Mhandisi Kihwele akastaafu kabla ya wakati na kurudi Kilolo. Handaki la Nne halikufunguliwa. Wataalamu walisema mlima umeshajifunga.

Alipata kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya kata upande wa pili wa wilaya. Kwaya aliiacha. Ilipofika Julai, mchana, akiwa anasahihisha madaftari, simu yake iliita kwa namba aliyoifahamu, akatoka nje kuipokea.

"Ni mimi," ilisema sauti ya Tusajigwe. Nyuma yake kulisikika nyundo ikigonga jiwe, ikanyamaza. "Niko hapa kanisani na fundi. Tunafuta ile tarehe tuliyoandika kwenye jiwe lake. Anataka kuchonga nyingine, na mimi nataka iwe sawasawa. Nitajie."

"Tarehe tisa Agosti."

"Na saa. Nataka na saa."

"Saa tatu na dakika arobaini, asubuhi."

Alimsikia akirudia kwa fundi, taratibu, neno kwa neno, na fundi akiuliza kama dakika nazo ziandikwe, na Tusajigwe akisema ndiyo, dakika nazo. Atuganile alisubiri simu ikiwa sikioni. Ile nyundo ilianza tena kugonga, pigo moja, pigo jingine, ndipo simu ikakatika.